Fahamu Haki na Wajibu wa Msafiri Anayebainika na Maambukizi Akiwa Nje ya Nchi: Funzo la UVIKO-19 kwa Ushoroba wa Isaka

Na Mwandishi Wetu

Kila siku malori huondoka Isaka, mkoani Shinyanga, yakielekea Rwanda, Burundi, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa dereva na utingo wake, safari hiyo ni kazi ya kawaida. Katika miaka ya UVIKO-19, hata hivyo, safari ya kawaida ilizaa swali ambalo wengi hawakuwa wamejiandaa kulijibu: mtu akipimwa ugenini na kubainika kuwa na maambukizi, kisha akazuiwa kuendelea na safari au kurudi nyumbani, ana haki gani, anawajibika kwa nani, na gharama zake hulipwa na nani?

Dharura ya afya ya kimataifa kuhusu UVIKO-19, iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tarehe 30 Januari, 2020, ilihitimishwa tarehe 5 Mei, 2023. Swali hilo halikuhitimishwa nayo, kwa sababu magonjwa yanayovuka mipaka bado yapo. Makala hii inaeleza yaliyotokea, sheria zinavyosema, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua kabla na wakati wa safari. Funzo kuu la miaka ile ni kwamba kipimo chenye manufaa zaidi kwa msafiri ni kile anachofanyiwa nyumbani kabla ya kuondoka, kwa kuwa mgonjwa anayegundulika kwao hupata huduma kwao.

Nafasi ya Isaka katika Ushoroba wa Kati

Isaka ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, wilayani Kahama. Umuhimu wake unatokana na Bandari Kavu iliyopo kando ya reli inayotoka Dar es Salaam kupitia Tabora kuelekea Mwanza. Shehena inayofika kwa treni hupakiwa kwenye malori na kuendelea kwa barabara kupitia Kahama, Masumbwe na Ushirombo hadi Nyakanazi na Lusahunga, kisha Benaco wilayani Ngara. Kutoka hapo, malori ya Rwanda huvukia Rusumo, na ya Burundi huvukia Kabanga.

Rusumo ni miongoni mwa mipaka yenye Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ambapo maofisa wa uhamiaji, forodha na afya wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja. Kituo hicho kilizinduliwa tarehe 6 Aprili, 2016 na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, pamoja na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Vituo vya aina hiyo vilianzishwa ili kupunguza muda wa lori kukaa mpakani. Mwaka 2020 vilikabiliwa na jukumu jingine, la kupima watu wengi kwa muda mfupi.

Yaliyotokea mipakani mwaka 2020

Rwanda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 14 Machi, 2020. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Machi, Tanzania nayo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, mkoani Arusha, aliyekuwa amerejea kutoka Ubelgiji. Katika wiki zilizofuata nchi za ukanda huu zilizuia safari za watu mipakani lakini ziliacha mizigo ipite, kwa kuwa mafuta, chakula na dawa havikuweza kusubiri. Madereva wa malori wakawa miongoni mwa watu wachache walioendelea kuvuka mipaka, na kwa sababu hiyo ndio waliopimwa kwa wingi.

Utaratibu wa awali ulikuwa ni kupima mpakani. Dereva alifika, akachukuliwa sampuli, kisha akasubiri majibu. Maabara zilikuwa chache na nyingine zipo mbali na mpaka, hivyo majibu yalichukua siku kadhaa. Malori yaliyokuwa yanasubiri yalipanga foleni, na katika mpaka wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda, foleni hizo zilifikia makumi ya kilomita. Madereva walilala na kupika kando ya barabara wakiwa wamekaribiana, hali iliyoongeza hatari ya maambukizi ambayo vipimo vilikusudia kuizuia.

Kila nchi ilichukua hatua zake. Rwanda iliweka utaratibu wa kubadilishana madereva au kushusha mizigo Rusumo ili dereva mgeni asiingie ndani ya nchi. Hatua hiyo ililalamikiwa na madereva na wamiliki wa malori kutoka Tanzania. Katikati ya mwezi Mei, 2020 wawakilishi wa Serikali hizo mbili walikutana na kukubaliana juu ya utaratibu mpya wa kuvusha mizigo.

Uganda, katika mwezi huohuo, ilitangaza kwamba madereva wa kigeni watakaobainika kuwa na maambukizi mipakani watarejeshwa katika nchi zao na hawatahesabiwa katika takwimu zake za wagonjwa. Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka wa Nakonde, unaopakana na Tunduma, baada ya idadi ya maambukizi kupanda kwa ghafla. Kenya nayo ilizuia watu kuvuka mpaka wake na Tanzania kuanzia tarehe 16 Mei, isipokuwa madereva wa mizigo ambao wangepimwa.

Pale Namanga kuliibuka tatizo jingine. Madereva waliotangazwa upande wa Kenya kuwa na maambukizi walipimwa upya upande wa Tanzania, na mamlaka za Mkoa wa Arusha zikatangaza majibu tofauti. Mvutano huo ulisababisha malori kukwama pande zote mbili hadi viongozi wa sekta ya uchukuzi wa nchi hizo walipokutana. Kwa dereva, athari yake ilikuwa wazi: cheti kilichotambulika upande mmoja wa mpaka hakikuwa na thamani upande wa pili, naye alibaki katikati akiwa na mzigo wa mtu na familia inayomsubiri.

Suluhisho: kipimo kihamie nyumbani

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilijibu tatizo hilo kwa hatua tatu zinazohusiana.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuongeza uwezo wa maabara. Mwaka 2020 Jumuiya iligawa maabara tisa zinazohamishika kwa nchi wanachama, kwa ufadhili wa Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo ya KfW. Tanzania, Kenya na Uganda zilipata maabara mbili kila moja, huku Rwanda, Burundi na Sudan Kusini zikipata moja kila moja.

Hatua ya pili ilikuwa kupima dereva kabla ya kuanza safari. Aliyepata majibu hasi alipewa cheti kilichotambulika kwa siku 14, muda ambao ulimwezesha kwenda na kurudi. Idadi ya watu ndani ya lori iliwekewa ukomo wa wawili hadi watatu, nao walitakiwa kusimama katika maeneo yaliyoainishwa pekee.

Hatua ya tatu ilikuwa kutambuana. Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao uliwezesha cheti kilichotolewa katika nchi moja kuonekana na kuthibitishwa katika nchi nyingine. Ofisa wa afya mpakani hakulazimika tena kuchukua sampuli mpya kutoka kwa kila dereva, na vyeti vya kughushi vilikuwa rahisi kubainika.

Kwa ujumla, hatua hizo zilihamisha mahali pa kupokea habari mbaya. Dereva anayebainika na maambukizi akiwa Isaka au Kahama yupo karibu na hospitali inayozungumza lugha yake na mwajiri anayeweza kumpangia dereva mwingine. Mzigo utaondoka siku hiyohiyo. Dereva huyohuyo akibainika akiwa Rusumo, lori linasimama, mzigo unachelewa, na yeye anategemea huduma za nchi ambayo si yake.

Wasafiri wa ndege nao walikwama

Tatizo halikuwa la malori pekee. Ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama una wafanyabiashara wanaosafiri kwenda Dubai na China, wagonjwa wanaotibiwa India, na wanafunzi wanaosoma katika nchi mbalimbali. Wote hao walikabiliwa na masharti ya vipimo.

Kuanzia tarehe 4 Mei, 2021, Serikali kupitia Wizara ya Afya ilimtaka kila msafiri anayeingia nchini, akiwemo Mtanzania anayerejea, kuwa na cheti cha majibu hasi ya kipimo cha PCR kutokana na sampuli iliyochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili. Sharti hilo lililegezwa mwezi Machi, 2022 kwa wasafiri waliokamilisha chanjo. Katika kipindi cha katikati, Mtanzania aliyepimwa ugenini na kupata majibu chanya hakuweza kupanda ndege. Tiketi yake ilipita, na mara nyingine viza yake ilikaribia kwisha huku gharama za malazi zikiendelea kuongezeka.

Masharti ya nchi nyingine yalikuwa na uzito wake pia. Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye zuio la safari kuanzia Januari 2021. Kuanzia tarehe 15 Februari mwaka huo, mkaazi wa Uingereza aliyerejea kutoka nchi za orodha hiyo alilazimika kukaa katika hoteli maalumu kwa siku 10, kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Marekani, kuanzia tarehe 26 Januari, 2021 hadi tarehe 12 Juni, 2022, ilitaka kipimo chenye majibu hasi, lakini ilikubali pia uthibitisho wa kupona kwa mtu aliyeugua ndani ya siku 90 zilizotangulia, ukiambatana na barua ya daktari inayomruhusu kusafiri.

Kwa nini mtu aliyepona huendelea kuonekana na maambukizi

Uthibitisho wa kupona ulikuwa na sababu ya kitaalamu. Kipimo cha PCR hutafuta chembe za vinasaba vya kirusi. Chembe hizo zinaweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hata pale ambapo hawezi tena kuambukiza wengine. Hivyo mtu anaweza kupimwa mara mbili au tatu na kuendelea kupata majibu chanya ilhali ni mzima.

Awali, WHO ilishauri mgonjwa aruhusiwe kutoka kwenye uangalizi baada ya kupona na kupata majibu hasi mara mbili, kwa vipimo vilivyotofautiana kwa angalau saa 24. Mwezi Mei, 2020 shirika hilo lilibadili ushauri wake. Mwenye dalili aliweza kuruhusiwa siku 10 baada ya dalili kuanza, zikiongezwa angalau siku tatu bila dalili, na asiye na dalili siku 10 baada ya kipimo chenye majibu chanya. Si kila nchi wala kila shirika la ndege lilifuata ushauri huo, na ndiyo maana wapo waliokwama kwa muda mrefu kuliko kipindi cha ugonjwa wenyewe.

Msafiri anapaswa kuelewa kwamba majibu chanya ya pili hayana maana kuwa ugonjwa umeanza upya. Anachohitaji ni maandishi ya daktari yanayoonesha tarehe ya dalili za kwanza, tarehe ya kipimo cha kwanza na tarehe aliyopona. Bila tarehe hizo, hata nchi inayokubali uthibitisho wa kupona haitakuwa na msingi wa kumruhusu.

Haki za msafiri kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni, 2007, ndizo zinazoongoza mwenendo wa nchi kuhusu afya ya wasafiri. Tanzania na jirani zake wote ni wanachama. Kanuni hizo zinaipa nchi mamlaka ya kumpima msafiri, kumtenga au kumweka karantini pale inapobidi kulinda afya ya jamii, lakini zinaweka pia mipaka ya mamlaka hayo.

Kwanza, msafiri anapaswa kutendewa kwa heshima na utu. Ibara ya 32 inaitaka nchi inayomzuia msafiri kwa sababu za afya kumpatia, au kumpangia, chakula na maji ya kutosha, malazi na mavazi yanayofaa, ulinzi wa mizigo yake, matibabu, na njia ya kuwasiliana, ikiwezekana kwa lugha anayoielewa. Jinsia, utamaduni na imani yake vinapaswa kuzingatiwa.

Pili, msafiri anapaswa kuelezwa na kuridhia kabla ya kufanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Akikataa, nchi inaweza kumnyima ruhusa ya kuingia, na palipo na ushahidi wa hatari ya karibu kwa afya ya jamii inaweza kumlazimisha kuchunguzwa, kutengwa au kuwekwa chini ya uangalizi kwa mujibu wa sheria zake.

Tatu, taarifa za afya za msafiri ni siri. Kutangaza jina la dereva aliyebainika na maambukizi, au kusambaza picha yake katika mitandao ya kijamii, ni kinyume cha msingi huo, na kunawafanya wengine waogope kupimwa.

Nne, Ibara ya 40 inasema msafiri asiyeomba ukaazi hatakiwi kutozwa gharama za uchunguzi unaofanywa chini ya kanuni hizo ili kujua hali ya afya yake, wala gharama za kutengwa au kuwekwa karantini inayostahili. Hatua ambazo kimsingi ni kwa manufaa ya msafiri mwenyewe zinaweza kutozwa. Katika kipindi cha UVIKO-19 nchi nyingi duniani ziliwatoza wasafiri gharama za vipimo na hoteli za karantini. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hasafiri kwa kutegemea ibara hiyo peke yake, hubeba akiba.

Haki ya kurejea nyumbani na mipaka yake

Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia, huku ikitambua kwamba sheria inaweza kuweka masharti ya haki na yenye sababu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa nao unakataza mtu kunyimwa kiholela haki ya kuingia katika nchi yake.

Haki hiyo haifutwi na majibu ya maabara. Kinachotokea ni kucheleweshwa. Shirika la ndege linaweza kukataa kumpakia abiria asiyetimiza masharti ya afya, na nchi aliyopo inaweza kumtenga hadi apone. Baada ya hapo anapaswa kuruhusiwa kurudi. Kwa upande wake, raia ana wajibu wa kutoambukiza wengine. Kutumia cheti cha kughushi, kuvuka mpaka kwa njia za panya au kuficha dalili ni makosa yanayoweza kumfikisha mahakamani, na yanaweza kuwaletea maradhi watu wa nyumbani ambao ndio sababu ya yeye kutaka kurudi haraka.

Ajira na mshahara wakati wa kutengwa

Dereva anayezuiwa nje ya nchi kwa ugonjwa anabaki kuwa mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Kwa kawaida haki ya likizo yenye malipo huanza baada ya miezi sita ya utumishi.

Haki hiyo ina sharti. Mfanyakazi anatakiwa kuwasilisha cheti cha daktari. Asipokuwa nacho, mwajiri hawajibiki kumlipa. Kwa hiyo dereva aliyetengwa asiondoke katika kituo cha afya bila hati inayoonesha tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kutengwa, hata kama imeandikwa kwa Kifaransa au Kinyarwanda. Hati inaweza kutafsiriwa baadaye, lakini ni vigumu kuipata ukiwa umesharudi.

Sheria hiyo inataka pia mkataba wa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi. Dereva wa safari za nje asiye na mkataba wa maandishi anapaswa kuudai kabla ya safari, na mkataba huo uoneshe nani atalipa malazi, chakula na matibabu iwapo atazuiwa kwa sababu za afya.

Ubalozi unaweza kusaidia nini

Tanzania ina ofisi za ubalozi Kigali, Bujumbura, Kampala, Kinshasa, Nairobi na Lusaka, pamoja na Abu Dhabi, Muscat, New Delhi na Beijing. Dubai kuna Konseli Kuu. Kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Mahusiano ya Kikonseli, kazi mojawapo ya ofisi hizo ni kuwasaidia raia wa nchi yao.

Ubalozi unaweza kuwasiliana na mamlaka za nchi husika ili kujua hali ya mgonjwa, kuitaarifu familia, kueleza taratibu za nchi hiyo, na kutoa hati ya dharura ya safari kwa aliyepoteza pasi yake. Hauwezi kuamuru maabara ibadili majibu, wala kulilazimisha shirika la ndege kumpakia abiria. Kwa kawaida haulipi madeni ya hoteli au hospitali. Raia anayetoa taarifa mapema husaidiwa kwa urahisi zaidi kuliko anayesubiri mpaka fedha zimwishie.

Maandalizi kabla ya safari

Mwananchi anayesafiri nje ya nchi, kwa barabara au kwa ndege, anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kujua masharti ya afya ya nchi anayokwenda, nchi atakazopitia na ya kurejea Tanzania, kutoka katika vyanzo rasmi.

2. Kupima afya nyumbani endapo ana homa au dalili nyingine, na kuahirisha safari iwapo ni mgonjwa.

3. Kutofautisha kadi mbili zinazoitwa kadi ya njano. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachoanza kutumika siku 10 baada ya chanjo na ambacho tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Nyingine ni ya bima ya magari ya COMESA, ambayo inahusu ajali za barabarani na haigharamii matibabu ya ugonjwa wa kuambukiza.

4. Kuwa na akiba ya fedha ya angalau siku 14 za ziada, au makubaliano ya maandishi na mwajiri kuhusu gharama hizo.

5. Kubeba dawa za kutosha kwa wenye shinikizo la damu, kisukari, virusi vya UKIMWI au maradhi mengine ya kudumu, pamoja na maelezo ya daktari. Aliyetengwa kwa ugonjwa mmoja asikatize tiba ya mwingine.

6. Kuacha nyumbani nakala ya pasi ya kusafiria, namba ya lori, jina la mwajiri na njia atakayopita.

Hatua za kuchukua ukibainika na maambukizi

Endapo msafiri atabainika na maambukizi akiwa nje ya nchi, afuate hatua hizi:

1. Asikimbie. Anayetoroka hugeuka mtuhumiwa na huweza kupoteza ulinzi aliokuwa nao kama mgonjwa.

2. Aombe majibu kwa maandishi, yenye jina la maabara, aina ya kipimo, tarehe na saa ya kuchukuliwa sampuli.

3. Amjulishe mwajiri mara moja, ili mpango wa kukabidhi lori ufanyike kwa maandishi. Kabla ya kukabidhi, orodha ya mzigo, namba za lakiri, kiasi cha mafuta na hali ya gari viandikwe na kusainiwa na pande zote, kwa kuwa migogoro mingi huanzia hapo.

4. Autaarifu Ubalozi wa Tanzania na familia yake.

5. Aulize nani analipa malazi, chakula na matibabu, na atunze risiti zote.

6. Awataje kwa ukweli watu aliokuwa karibu nao, akianzia na utingo wake, ili nao wapimwe.

7. Akipona, adai cheti cha kuruhusiwa au cha kupona kabla ya kuondoka kituoni.

Umuhimu wa jambo hili kwa sasa

Masharti ya vipimo vya UVIKO-19 yameondolewa, lakini barabara ya Isaka kwenda mipakani inapita katika eneo ambalo limepata majaribu mapya ya afya. Mwezi Machi, 2023 Tanzania ilithibitisha ugonjwa wa Marburg wilayani Bukoba, Mkoa wa Kagera. Rwanda ilikabiliwa na ugonjwa huohuo kuanzia mwezi Septemba, 2024. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alitangaza uwepo wa Marburg wilayani Biharamulo, wilaya ambayo ndani yake zimo Nyakanazi na Lusahunga, vituo vinavyojulikana na kila dereva wa njia hiyo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, 2025. Siku chache kabla, tarehe 10 Machi, Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa Mpox nchini, mmoja wao akiwa dereva wa lori la mizigo.

Ugonjwa unaofuata unaweza kuwa na jina tofauti na kipimo tofauti, ila dereva atakayesimamishwa mpakani atakuwa na mahitaji yaleyale: majibu yanayoaminika pande zote mbili, mahali pa kulala, chakula, tiba, mshahara wa familia yake, na njia ya kurudi. Mengi kati ya hayo hupangwa kabla lori halijaondoka. Kampuni za usafirishaji, vyama vya madereva, mawakala wa forodha na mamlaka za afya wanao wajibu wa kuyajadili wakati huu ambapo mipaka ipo wazi na hakuna foleni.

Mwananchi aliyepo nchini mwenye dalili za ugonjwa wa kuambukiza, au mwenye swali kuhusu afya kabla ya safari, anaweza kupiga simu bila malipo kwa Wizara ya Afya kupitia namba 199, au kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye.